Loki Uliyoichagua, Mzee Mhina

Mzee Mhina,

Shikamoo. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kila nikishika kalamu hasira zinanipanda, na wewe hukupenda mtu ashike kazi akiwa na hasira. Leo nimeamua kuandika nazo hivyo hivyo.

Gari la zahanati liliacha njia, Mzee. Ile jipu nyeupe tunayoiita mkonga, inayoteremsha wagonjwa kutoka vijiji vya juu, njia ya Amani, mpaka Muheza. Iliacha njia kwa sababu haikufungwa loki uliyoichagua wewe. Na aliyefunga nyingine badala yake ni mimi.

Unakumbuka ulivyonipandisha kule, wiki chache kabla hujatuacha? Kamati ya zahanati ilikuwa imekuomba loki ya difu, ile inayoyafunga magurudumu mawili yazunguke pamoja, maana kila masika gari lilikuwa likikwama. Gurudumu moja likiingia kwenye tope linazunguka bure, na mwenzake aliye pakavu anasimama tu. Mimi nikaanza kukutajia loki zote ninazozijua, moja baada ya nyingine, ili uone nimesoma. Ukanikatiza: "Usiniambie dukani kuna nini. Niambie barabara ikoje."

Tukaikagua kwa miguu. Ulinunua fenesi ukalila umekaa juu ya jiwe, utomvu ukakushika mpaka ndevuni, ikabidi nikaombe mafuta ya kupikia nyumba ya jirani nikusafishe. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha ukanionyesha ile kona iliyolalia bondeni. Ukasema loki inayojifunga yenyewe hapa itaua mtu: dereva akikanyaga mafuta kidogo tu, inayakamata magurudumu yote mawili ya nyuma, na yakiteleza yanateleza pamoja, hakuna hata moja linalobaki kushikilia udongo. Pale panataka loki ya upepo, inayosukumwa na hewa, ya nyuma peke yake, yenye swichi. Dereva aifunge kwenye tope la njia iliyonyooka, aifungue kabla ya kona. Ya mbele uliikataa kabisa, ukasema usukani utakuwa mgumu kwenye njia nyembamba vile. Kamati ikakubali. Presha ikakuchukua kabla kifaa hakijafika.

Baada ya arobaini, mwanao Saidi alirudi kutoka Dar akaishika gereji. Ile loki ya upepo ilikuwa ya kusubiriwa. Ile ya kujifunga yenyewe ilikuwapo dukani, tayari. Saidi akawaambia kamati kwamba hiyo ndiyo ya kisasa, dereva hana haja ya kukumbuka kitu. Nikasema Mzee alishaikataa, nikaeleza na sababu. Mwenyekiti wa kamati hakunitazama hata usoni. Alimgeukia Saidi akamuuliza, "Huyu binti ni nani?"

Saidi akajibu, "Alikuwa anamsaidia baba."

Miaka tisa, Mzee. Miaka tisa nimelala chini ya magari na wewe, halafu naitwa aliyekuwa anamsaidia baba.

Na mimi nikanyamaza. Nikaifungua difu, nikaiingiza loki yao, nikakaza bolti moja moja kwa kipimo ulichonifundisha. Kazi safi kabisa. Ndiyo inayoniuma, kwamba kazi ile mbaya niliifanya vizuri.

Masika yalipoanza, Zuberi, yule dereva mpole uliyezoea kutaniana naye, alikuwa anateremsha mama mwenye uchungu wa uzazi. Kwenye kona ile kuna kile kipande kinachopanda kidogo. Akakanyaga mafuta ili apite. Tako la gari likaenda bondeni. Mti ukalizuia. Zuberi akavunjika mfupa wa bega. Yule mama akatolewa dirishani, akabebwa kwenye kitanda cha kamba mpaka barabara ya mashamba ya chai, wakapata lori. Alijifungua salama, Mungu mkubwa. Lakini nilipomwona wodini alikuwa amemkumbatia mtoto, hataki hata nesi amshike.

Sasa sikia walichofanya. Zuberi alisimamishwa kazi akiwa na bandeji begani. Wakasema alikwenda mbio. Zuberi, ambaye wewe mwenyewe ulikuwa ukimsema kwamba kuku wanamtangulia! Kisha mwenyekiti akaja gereji na karatasi iliyokwisha kuandikwa, inasema difu ilikuwa sawa na kosa ni la mwendo. Nilitakiwa kutia sahihi, mimi, kama fundi. Siku ya kuchagua nilikuwa binti, siku ya kubeba lawama nikawa fundi.

Sikutia. Nikamwambia, "Nipe gari, na wewe mwenyewe upande. Twende konani."

Nadhani alikubali kwa sababu watu walikuwa wanasikia. Gari lilikuwa limeshavutwa kutoka bondeni, bado na loki ile ile, na kulikuwa kumenyesha usiku kucha. Nilifunga kamba nene kwenye chesisi kwa nyuma, nikaizungusha kwenye shina la mti upande wa juu, nikamkabidhi Zuberi ncha yake kwa mkono wake mzima pamoja na wanaume watatu. Mwenyekiti akakaa kiti cha pembeni, mimi kwenye usukani. Wanawake waliokuwa wanatoka kuchuma iliki walikuwa wanatembea kando yetu, na walitupita. Nilipofika kwenye kile kipande nikakanyaga mafuta, kidogo tu. Gari likatulia nukta moja, halafu nyuma kukaanza kwenda. Polepole, kama mtu anayevutwa shuka. Kamba ikakaza. Mwenyekiti alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili.

Nikamwambia, "Huu ndio mwendo alioenda Zuberi."

Akashuka upande wa juu, akarudi kijijini kwa miguu.

Zuberi amerudishiwa kazi. Hakuna aliyemwomba radhi. Loki ya upepo ilipofika, mwenyekiti aliniita mimi nikaifunge, na kwenye mkutano wa kijiji akasimama akasema, kamati imegundua tatizo. Imegundua! Nusura nisimame. Zuberi alinivuta gauni nikakaa. Gari sasa linapanda na kushuka. Swichi ya loki Zuberi ameibandikia kipande cha utepe mwekundu asiikosee.

Saidi ameniambia nisirudi gereji. Nimepata banda la mabati Muheza, karibu na fundi seremala, na kazi zinakuja. Juu ya geti lako ameandika kwa rangi mpya, "Mafundi wa uzoefu wa Mzee Mhina." Nilipita nikasoma, nikaendelea na safari yangu.

Lakini kuna jambo, Mzee, na nalisema kwa heshima zote. Saidi alilipata wapi lile neno? Miaka yote tisa, mteja akiuliza, wewe ulikuwa ukijibu, "Binti yangu huyo, ananisaidia." Ulinipa difu nizifunge peke yangu, ukanipa funguo za gereji, ukaniacha na wateja siku nzima. Neno moja tu hukunipa. Ulisema kwa mapenzi, najua. Lakini ulipoondoka sikuwa na cha kuwaonyesha, na mama yule alikaribia kufia bondeni kwa kukosekana neno hilo. Nimekukasirikia sana. Nimekulilia pia, mara nyingi siku ile ile.

Kesho nakwenda Pangani. Kuna bwana ana gari la kupeleka wageni ufukweni Ushongo, linazama kwenye mchanga, anataka loki. Nimemwambia kwanza anipeleke nikaione njia. Huenda mchanga ukanitaka nichague ile ile uliyoikataa wewe mlimani. Ikiwa hivyo nitaichagua, na akiniuliza ni nani aliyeamua, nitamwambia fundi ni mimi. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Mungu akupumzishe pema, Mzee wangu. Nimesamehe kiasi, kingine nipe muda.

Mimi, Rehema, fundi.