Upinde wa Magurudumu Nimeuvuta

Nyumba ya kona, chumba cha nyuma
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kisiki wangu,

Hujambo, mwanangu? Mumeo hajambo? Na mtoto, meno yameshatoka au bado anawakeshesha? Bega nalo linasemaje? Huku baba yako ni mzima. Anakohoa kidogo na kulalamika sana, yaani yuko vilevile ulivyomwacha. Mimi shangazi yako macho yanaona, masikio yanachagua ya kusikia.

Barua yako ilinifika. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama, mara ya pili nimekaa. Unasema daktari amekukataza kuvuta upinde wako, nawe umeugawa pamoja na mishale na podo lake, na kwamba mambo ya shabaha kwako yamekwisha. Nilitaka kukujibu siku ileile, lakini kulikuwa na jambo la kukiri kwanza, na mtu mkaidi hakiri upesi.

Msimamo wangu unaujua. Nilipokuwa nafundisha kulenga shabaha katika klabu yetu, hakuna aliyegusa upinde mwingine kabla ya kuuzoea upinde mrefu, ule wa mti mmoja. Huo hauna hila: kadiri unavyouvuta ndivyo unavyozidi kuwa mzito, na uzito wote unakungoja mwishoni, pale hasa unapotaka kutulia. Ukisitasita, mkono unatetemeka na mshale unakwenda kwa jirani. Baadaye ndipo nilipokuruhusu ule wako, mfupi, wenye ncha zilizopindwa kwenda mbele. Uzi ukiachiwa, ncha zile hurudi kwa nguvu na kuusukuma mshale mbio. Ulisimama nao kwenye mstari bila kutikisika hata inzi akitua puani pako, ndipo tukakuita Kisiki.

Lakini upinde wa magurudumu niliupiga marufuku. Ule wa chuma, wenye nyaya zinazopishana na gurudumu kila ncha. Nilisema ni baiskeli iliyopotea njia. Mtu akija nao mlangoni nilimuuliza kengele iko wapi, nawe ulicheka kuliko wote. Ndiyo maana naogopa kwamba somo hilo umelishika vizuri mno.

Sasa sikia. Kila Jumatano, baba yako akidhani nimekwenda kupimwa presha, mimi niko klabu, navuta baiskeli.

Ilianza baada ya kulazwa. Moyo wangu umechoka, mwanangu. Daktari amenieleza waziwazi, nami nakueleza wewe waziwazi. Hapa nyumbani bado sijawaambia. Sidhani kama nitauona mwaka mwingine. Nilipotoka hospitali nilitamani kupiga mshale mmoja tu, wa kuagia. Upinde mrefu sikuweza hata kuufunga uzi. Fundi wa klabu, yule mwenye mikono kama makasia, akaniletea kigoda, kisha akauleta huo mwingine bila kunitazama usoni.

“Mwalimu, leo tunapanda?”

“Nishikilie nisianguke, na ufunge mdomo.”

“Lakini kengele hatujaiweka.”

“Na adabu pia hamjaiweka!”

Alikuwa ameulegeza mpaka ukawa na uzito wa ndoo ndogo ya maji. Nikavuta. Katikati ulinielemea, nikajua nimeshindwa. Mara magurudumu yakageuka na uzito ukaniondoka mkononi, kama mtu aliyenipokea mzigo. Nikabaki nimeuvuta wote, nimelenga, napumua. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote, na mchoro wa jambo hilo niliwahi kuuchora ubaoni. Sikujua kwamba mwili nao unafurahi. Mshale wa kwanza ulikwenda kwenye pazia la kuzuia mishale nyuma ya shabaha. Wa pili ulichoma ukingo wa shabaha, fundi akapiga kelele kama tumechukua kombe, na mimi nikacheka mpaka nikashika meno yasidondoke.

Mzito katikati, mwepesi mwishoni. Siku hizi hulala nikiliwaza hilo, na sioni hofu.

Basi, Kisiki, yafute yale maneno yangu ya kebehi. Niliupenda upinde mmoja nikadhani ndio pinde zote. Mrudie daktari wako na swali jipya. Usimuulize kama utauvuta tena ule wa zamani. Muulize kama bega litaukubali huu, umelegezwa kabisa, nawe umekaa. Akikataa, mtii, usinitaje mimi. Akikubali, nenda klabu yoyote ya huko uliko, uingie kichwa juu, uwaombe wakuazime.

Usinijibu kwa maneno. Maneno yanachelewa, nami sina muda wa kuyasubiri yajipange. Nitumie karatasi ya shabaha yenye tundu moja. Hata kama tundu liko nje ya maduara yote, hata kama umetoboa kona, itume hivyohivyo. Nitaibandika ukutani mbele ya kitanda, na yeyote atakayeingia nitamwambia: mwanangu amevuta tena.

Baba yako anakusalimu, na mama yako mdogo, na fundi, ambaye anasema kigoda changu hakiazimwi. Nisalimie mumeo; mtoto mbusu kwa niaba yangu kabla hajaanza kung’ata.

Mungu akutie nguvu begani, akupe siku nyingi kuliko nilizopewa mimi, na zote uzitumie.

Akupendaye bila kusitasita,

Shangazi yako