Wasia wa Siraj

Jumanne, 7 Oktoba 2025
Sura ya nne haisogei. Dokta Mugenyi, msimamizi wangu wa uzamili, amepiga kutoka Kampala: niwasilishe mwisho wa mwezi, la sivyo nisubiri mwaka mwingine. Mwaka mwingine! Mume wangu huniuliza kama hii mirathi ya Kiislamu ninayoisomea ina mwisho.

Kisha habari — Siraj amefariki, yule muuza vitenge wa hapa Bwera. Presha. Inna lillahi. Ni mmoja wa watu niliowahoji kwa tasnifu yangu. Nimefunga kompyuta.

Jumatano, 8 Oktoba
Tumemzika. Mjane wake, Kahambu, Mkatoliki wa Butembo ng'ambo ya mpaka, alisimama nje ya ua wa makaburi. Hawakujaliwa watoto. Kaburi halijakauka, Haji Twaha, kaka mkubwa wa marehemu, akatangaza: asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, kwa hiyo mama huyu ahame. Kikao ukumbi wa msikiti Jumamosi.

Hukumu ni sahihi. Naifundisha mwenyewe darasani! Lakini wasia ni jambo jingine: asiyerithi huweza kuusiwa hadi theluthi ya mali, na Siraj aliusia. Nilimsikia. Mwezi wa tatu, sebuleni kwake: "Najua Kahambu hatarithi. Basi nyumba hii ya Bwera ni wasia wangu kwake. Haifiki theluthi ya mali yangu." Nilifurahi — mfano mzuri wa tasnifu! Halafu akaomba jina lake lisitoke. Nikaahidi. Nikatia sahihi.

Nasif, mdogo wake Siraj, alikuwa pale pale siku ile. Leo tumegongana macho makaburini, akahamia upande wa pili wa jeneza.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimempigia Dokta, nikamwambia nataka kutoa ushahidi. Hakufoka. Afadhali angefoka. Anasema mimi ni mtafiti, si shangazi wa ukoo. Nikisimama mbele za watu na maneno ya mtu niliyeahidi kumficha, sura ya nne nzima inaondolewa. Nikamwambia mwenye siri amekufa. "Madam Shamila, siri haizikwi na mwenyewe."

Nimefua nguo zilizokuwa safi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Kahambu amenifuata shuleni. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, kama mtu anayengojea kufukuzwa.

"Madame, weye unasomaka dini yabo. Uniambie kweli. Kama naingia mu Islam leo, bataniachia nyumba?"

Nikamwambia hapana. Sheria hutazama siku ya kifo.

Alicheka kidogo. "Ni muzuri. Sikupenda kudanganya Mungu juu ya mabati ya nyumba."

Kisha akasema Siraj alikuwa akimwambia asiogope, amepanga kila kitu. Amepanga nini? Hajui. Mimi ninajua! Na nilinyamaza. Nilimsindikiza hadi getini, nikamtakia safari njema — safari gani? Anakaa ng'ambo ya barabara!

Sikuweza kurudi darasani. Nikapanda gari hadi Kasese. Nasif anauza simu karibu na stendi, katika kibanda cha Haji.

"Ulisikia au hukusikia?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nakunywa chai, dada."

"Chai haizibi masikio."

Akafuta kioo cha simu ambacho hakikuwa na vumbi. Akasema Haji ndiye aliyemlea, ndiye aliyempa kazi. Mimi nina mshahara wa serikali, nitasema na kurudi kwangu. Yeye atarudi wapi?

Ana haki ya kuuliza. Nimekasirika vilevile.

Jumamosi, 11 Oktoba
Naandika kwenye baraza ya msikiti.

Nimesema! Nilisimama nyuma ya pazia la wanawake, nikaona sauti haitafika, nikatoka mbele. Nikaeleza siku ile, maneno yale. Haji Twaha akaruka: mwanamke mmoja, na shahada yake haijaisha! Wengine wakacheka. Sheikh Ashraf, imamu wetu, akagonga meza. Akaniuliza kama namwogopa Mungu. Ndiyo. Akaniuliza kama kuna faida yangu humo. Nikafikiria sura ya nne. "Hasara tu, Sheikh."

Akasema ushahidi wangu peke yangu hautoshi. Akipatikana mwanamume aliyesikia, na mjane akala kiapo, ataukubali wasia. Kuna mwingine?

Nikamtaja Nasif.

Kahambu, aliyekuwa ameketi mlangoni, akanigeukia. Hakunishukuru. Aliuliza polepole: "Ulijua? Jana ulijua?" Nikaitika kwa kichwa. Akatazama pembeni.

Nasif alisimama, akafungua mdomo. Adhana! Sheikh akasema tuswali kwanza, kisha Nasif ajibu mbele ya watu.

Wako ndani sasa. Mimi niko kwenye siku zangu, siswali, niko hapa nje na Kahambu. Ameacha nafasi ya mtu mzima kati yetu. Dokta amepiga, sikupokea. Akipiga tena nitamwambia aiondoe sura. Au nimwombe aiache? Sijui.

Wametoa salamu, swala imekwisha. Nasif ametoka wa kwanza, miguu mitupu, viatu mkononi. Lango liko kushoto. Sisi tuko kulia. Haji anamwita kutoka ndani, si kwa ukali, kwa upole, kama anavyoitwa mtoto wa nyumbani. Kahambu ameinuka.

Nasif amesimama katikati ya ua. Bado hajavaa viatu.