Baba Anahesabu Ngurumo

Nyumbani, 3 Machi

Kwa kitindamimba wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote wawili. Mimi mzima, ila goti ndilo linalonisemesha asubuhi. Mama yako mzima, cherehani yake nzima, na kelele zake ndiyo kabisa hazijapungua. Wewe je, unakula? Huko mahakamani wanakutendea vizuri?

Ndani ya bahasha kuna kadi ndogo ya simu, usije ukaidondosha. Ina video tatu. Tangu mashine ya kusaga ifungwe, nikapewa mkono wa kwaheri baada ya miaka thelathini na moja, nilikuwa sina kazi ila kumkalia mama yako kooni. Sasa nimepata kazi, mwanangu. Ikifika saa tisa alasiri mawingu yanajikusanya upande wa kilimani, meusi tii, na mimi huyoo, napanda juu kwenye zege la ghorofa letu lisilokwisha. Nafunga simu kwenye nondo kwa mpira wa baiskeli, narekodi. Tazama ile ya pili, umeme unatambaa tumboni mwa wingu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilipiga kelele peke yangu kama mwehu.

Najua utaanza wasiwasi, umemrithi mama yako. Tulia. Mwanga ukipiga naanza kuhesabu mpaka nisikie ngurumo. Ikizidi thelathini, radi iko mbali, naendelea. Ikiwa chini ya thelathini, nashuka. Nahesabu kwa sauti, utanisikia mwenyewe.

Simu usipige, mtandao wa huku siku hizi unakwaruza tu. Na meseji usitume, herufi zake kama mayai ya chawa. Niandikie barua.

Ni mimi, Baba yako.


Mjini, 12 Machi

Shikamoo Baba, na Mama shikamoo yake umfikishie. Mimi sijambo, nakula vizuri, usingizi ndio mdogo. Kazi ni ile ile: navaa hedifoni kubwa asubuhi, nasikiliza mashahidi waliorekodiwa, nachapa kila neno mpaka vikohozi. Jioni masikio yananiwaka.

Kadi imefika salama. Saa ya chakula niliichomeka kwenye kompyuta ya kazini, nikashtuka meza nzima imenizunguka. Karani mwenzangu mmoja akasema, "Huyu mzee apewe televisheni yake!" Nilivimba kichwa, Baba. Huku nilipo mvua inanyesha kama inalazimishwa, nimezikumbuka za nyumbani hadi machozi yakanilenga.

Lakini nondo ni chuma, Baba yangu. Kwa nini usirekodi ukiwa ndani, dirishani?

Na kaswali kadogo. Siku ya video ya pili kulikuwa na upepo mwingi huko juu? Naona kama ngurumo ilikuja mapema kidogo kuliko ulivyoacha kuhesabu. Labda ni simu yenyewe. Ila siku moja mwambie Mama asimame karibu, mhesabu pamoja.

Nawapenda. Mwanao, Kitindamimba.


Nyumbani, 20 Machi

Mwanangu,

Marahaba sana. Tunamshukuru Mungu, tunapumua. Mama yako amepata kazi ya kushona sare za shule, sebule yote imejaa vitambaa, pa kukaa hakuna.

Upepo ulikuwepo, ndiyo. Na simu hii ni ya bei rahisi. Usiumize kichwa. Na kumwita mama yako juu, we! Apande ngazi ile? Tutaitana majina mpaka majirani watoke.

Sasa sikia habari ya maana. Unawakumbuka wafyatua matofali walioko bondeni, nyuma ya nyumba? Wapo kumi na mmoja, uwanja mtupu, hakuna hata kichaka. Walikuja juzi wakiongozwa na yule tunayemwita Mrefu, anayegonga kichwa mlango wetu kila akiingia. Wakasema, "Mzee, wewe unayasoma mawingu. Sisi wingu likitanda tunaanza kubishana, huyu anasema tukimbie, huyu anasema bado, na tofali zinaharibika. Tusaidie." Tumekubaliana hivi: nikihesabu chini ya thelathini, napunga kitambaa chekundu, wanakimbilia stoo. Nisipopunga, wanaendelea na kazi. Mama yako kanikatia kitambaa kwenye masalio ya sare.

Wiki nzima sasa hawababaiki na anga tena, wanaangalia kitambaa tu. Wananiita Mkurugenzi wa Mawingu! Mwanangu, tangu mashine ifungwe hakuna mtu aliyenihitaji. Hujui ninavyolala usingizi mtamu.

Nimekuwekea kadi nyingine.

Baba yako, Mkurugenzi.


Mjini, 27 Machi

Shikamoo Baba. Sina muda wa kuuliza hali, unisamehe. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, atakuletea kesho.

Nimekupigia mara sita leo. Kila mara unapokea, unasema "Haloo! Haloo! Mtandao mbovu huu," unakata. Mtandao si mbovu, Baba. Mimi nakusikia hadi unavyohema. Meseji nne ziko humo kwenye simu, hujazifungua.

Jana nilikaa na kadi mpya nikakuchapa kama ninavyochapa shahidi, sekunde kwa sekunde. Nanakili kama ilivyo:

Mwanga. Baba anahesabu: moja, mbili, hadi kumi na moja. Ngurumo inasikika. Baba anaendelea: kumi na mbili, kumi na tatu. Sauti ya Mama kutoka chini: "Teremka wewe!" Baba: ishirini na moja. Mama: "Teremka nimesema!" Baba: thelathini. Baba: thelathini na nane. Ngurumo kubwa. Baba: "Thelathini na nane! Iko mbali kabisa, tunaendelea."

Ilikuwa kumi na moja, Baba. Ile uliyoisikia ni ya mwanga mwingine. Nimerudia mara kumi nikiomba niwe nimekosea. Video zote ziko hivyo. Husikii ngurumo ndogo, na Mama humsikii. Mimi siku zote nilidhani unamchunia tu.

Nililijua hili tangu kadi ya kwanza. Niliogopa kukuvunjia heshima, nikasingizia upepo, nikasingizia simu. Sasa kuna watu kumi na mmoja bondeni, na ni kosa langu pia. Nakupigia magoti: usipande tena, na leo hii hii uwaambie wasikutegemee. Ukinikasirikia nikasirikie, lakini waambie.

Mwanao.


Mjini, 8 Aprili

Shikamoo Baba, shikamoo Mama.

Siku kumi na mbili, kimya. Dereva anaapa kwamba alikukabidhi barua mkononi, ukaisoma umesimama pale pale mlangoni. Simu sasa haiiti kabisa. Kazini nachapa upuuzi, jana nimeandika "ngurumo" katikati ya kesi ya shamba, hakimu akaniuliza kama naumwa.

Nimenyimwa ruhusa hadi kesi hii iishe. Jumamosi ikifika sijapata neno lenu, napanda basi, wanifukuze wakitaka. Kama umekasirika, nitumie hata karatasi tupu nijue u hai.

Mwanao.


Nyumbani, 10 Aprili

Mwanangu,

Tu hai, mimi na mama yako. Naanza na hilo ili ushushe pumzi. Usipande basi, usije ukapoteza kazi. Barua hii nampa yule yule dereva.

Kukasirika nilikasirika, tena sana. Nilimwambia mama yako, "Mtoto kakua, sasa ananipima masikio kutoka mjini." Mama yako hakujibu, aliendelea kukanyaga cherehani. Au alijibu, sijui. Hilo ndilo lililonikera zaidi, kwamba sikujua.

Siku ya tatu wingu likaja. Sikuwa nimewaambia kitu wafyatua matofali. Nilisema moyoni nitapanda mara moja tu, nikuthibitishie. Nikafunga simu kwenye nondo, mwanga ukapiga, nikaanza kuhesabu. Nilipofika nane, sikusikia kitu, lakini macho yangu yalikuwa bondeni. Nikawaona wote kumi na mmoja wameinua vichwa kwa pamoja kutazama juu. Kisha wakageuka wakanitazama mimi. Wakaona sijapunga. Wakainama tena, wakaendelea na kazi.

Walisikia, mwanangu. Wote walisikia, wakaacha masikio yao wakaamini mkono wangu.

Nilipunga kile kitambaa kama mwendawazimu, nikapiga kelele hadi koo likachanika, nikashuka ngazi sijui kwa miguu gani. Walikimbia. Kumi waliingia stoo. Mrefu alikuwa upande wa mbali, ndiye wa mwisho, na alibakiza hatua kama ishirini. Radi ilipiga uwanjani. Hiyo niliisikia. Nyingine nadhani ilipiga nondo, maana simu tuliikuta imeungua imekuwa kipande cheusi.

Mrefu hakufa. Alirushwa kama gunia, akazimia, na mkono wa kulia hauna hisia mpaka leo. Daktari anasema huenda ukarudi, huenda usirudi, na mkono huo ndio anaofyatulia matofali. Kila siku nashinda naye hospitalini, ndiyo sababu ya kimya changu. Ni uongo. Kimya changu ni aibu. Nimechana karatasi nne kabla ya hii.

Nilimpelekea barua yako, nikamsomea yote, hata ile orodha yako ya sekunde. Nilitaka anitukane. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanivuta karibu akaniambia sikioni, kwa sauti kubwa hadi muuguzi akageuka: "Mzee, mimi niliisikia. Nilikuangalia wewe."

Sijui nifanye nini na maneno hayo. Nakula nayo, nalala nayo.

Usijitwike lawama. Ungeniambia mapema ningekataa mapema, ndiyo tofauti. Nilijua zamani, kabla ya kadi na kabla ya mawingu. Ile mashine ilikuwa inanila masikio kidogo kidogo, nami najifanya naelewa. Nacheka wengine wakicheka. Sokoni naitikia tu. Mama yako nikimwona anafumbua mdomo nasema "sawa" halafu natoka nje.

Na wewe pia, mwanangu, nimekufanyia hivyo.

Mwaka jana, mwezi wa nane, ulipiga simu mchana. Mama yako alikuwa kwa mteja. Uliongea muda mrefu sana. Mimi nilisikia mvumo tu, kama nzi ndani ya chupa. Nilidhani ni habari za cheo kazini, nikasema kwa furaha, "Hongera mwanangu, vizuri sana, hongera." Ukanyamaza. Nikarudia hongera. Ukakata. Miezi mitatu hukupiga wala hukuandika, na mama yako alipouliza nilimwambia una kazi nyingi.

Jana usiku nimemweleza ukweli. Akaniambia umewahi kumwandikia kwamba mwezi ule ule wa nane ulilazwa, lakini hukusema ulilazwa kwa nini, na ulimwomba asiniulize mimi, ukamwambia mimi najua tayari.

Sijui, mwanangu. Sijui chochote. Niandikie ulichoniambia siku ile.

Baba yako.