Siku Mizani ya Kiptere Iliponyamaza

Alhamisi. Mvua ya Kericho imewahi leo.

Nimeogopa. Sijui kulisema vingine.

Ninashughulikia kompyuta za kiwanda cha majani chai, na bado niko kwenye miezi ya majaribio. Mizani ya kituo cha Kiptere hututumia kilo za kila mkulima kwa mtandao. Mtandao ukikatika, mizani haipimi. Majani yakikaa sana guniani hupata moto, yanageuka mekundu, na kiwanda kinayakataa.

Laini ya Kiptere hukatika kila mvua ikinyesha, kwa hiyo asubuhi nikaamua kuzipangia kasi kadi za mtandao. Server yetu kuukuu ina kadi mbili: ya Kiptere, ambayo redio yake ya kurusha mtandao haiwezi kuzidi kasi ya 100, na ya ofisi, inayofika 1000. Programu inayoziendesha, yaani dereva wa kadi, hupewa kasi zote kwa mstari mmoja, zikitengwa kwa mkato:

modprobe e1000 Speed=100,1000

Kiptere kwanza, ofisi pili. Hapa kwetu lori la Kiptere ndilo hupakuliwa kwanza, hata likichelewa, nami nikaandika nilivyozoea kuona. Kumbe kompyuta haijui desturi ya mtu. Inahesabu kadi kwa nafasi zilipochomekwa, na ya ofisi ndiyo inayotangulia. Kwa hiyo Kiptere ikapewa 1000, kasi ambayo redio yake haiiwezi.

Chebet, karani wa mizani, akapiga simu. "Madam, mashine imekataa. Wamama wamejaa hapa na majani inaanza kupata moto."

Nikamwambia ni mvua. Nilitamani sana iwe mvua.

Nilikagua kila kitu isipokuwa mstari wangu mwenyewe. Nani hupenda kujishuku? Wenzangu walipokwenda kula ndipo nikauona. Kugeuza namba si kazi, lakini lazima kwanza umwondoe dereva, na ukimwondoa, ofisi nzima inakatika. Nikikosea tena kiwanda chote kinazima, nami ninarudi kwetu ziwani na sanduku langu. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaandika 1000,100, nikabonyeza, nikafumba macho kama mtoto anayedungwa sindano.

Simu ikalia. Niliogopa hata kuishika.

"Imesoma, Madam! Lakini ya kogo mmoja imeungua, nimemrudishia. Alikuwa wa kwanza kwa foleni."

Kogo ni nyanya, yaani bibi mzee, kwa Kikipsigis. Chebet anasema hakugombana na mtu. Aliyamwaga majani yake kando ya barabara, akakunja gunia, akauliza kama kesho mashine itakuwa imepona.

Bosi amenipongeza kwa kurudisha mtandao. Nikasema asante.

Kesho nitapanda Kiptere nimtafute kogo, nimwambie mwenyewe kwamba haikuwa mvua. Ninaogopa kuliko nilivyoogopa kubonyeza.