Kofia ya Fundi Kwenye Swichi Kuu

Nyumba ya mlango wa bluu,
Ghorofa ya juu.
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kama barua hii imekukuta umesimama, tafuta kiti kwanza, maana goti lako nalijua. Maumivu yamepungua, au bado unalidanganya kwa mafuta ya kuchua halafu unalipandisha ngazi? Na jirani yako mshonaji, amekurudishia mkasi wako, au umeona ni rahisi zaidi kuhamia kwake? Sisi huku ni wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini sauti ya kutugombeza anayo yote, kwa hiyo hatuna wasiwasi naye.

Hapo kwenye neno "wazima" kalamu imesita, na najua wewe umeona. Mwanao ni mzima, Shangazi. Nalisema mapema ili usiruke mistari. Hajaumia popote. Mimi ndiye mwenye bandeji kwenye kidole gumba cha kulia, na unyusi mmoja umeungua nusu, ndiyo maana mwandiko umelala ubavu kama mlevi.

Najua umempigia simu siku zote hizi hapokei, na ukinipigia mimi nakwambia ana kazi nyingi. Nilikuwa nakudanganya, nisamehe. Kwenye simu ningelia, na wewe ukimsikia mtu analia husikii tena anachosema. Bora niandike.

Tulipata kazi katika hospitali moja ya akina mama. Walikuwa wanahamisha mitambo yao ya mtandao kwenda chumba kipya nyuma ya maabara, chumba chembamba kisicho na dirisha, kinachonuka rangi mbichi. Majibu ya vipimo vyote hupitia kwenye mitambo hiyo, kwa hiyo kila aliyepita mlangoni alituuliza tunamaliza lini. Kazi yangu mimi ni chuma na umeme: kusimamisha raki, lile kabati refu ambalo mashine hupangwa ndani yake moja juu ya nyingine kama droo, na kuiletea umeme. Kazi ya mwanao, Injinia wako, ni kuzifanya mashine hizo zizungumze. Usicheke, jina la Injinia limemkaa sasa, hata Mama anamwita hivyo akimtuma chumvi dukani.

Nilifanya kila kitu kama marehemu mumeo, Fundi, alivyonifundisha. Raki kwanza nikaifunga sakafuni kwa bolti, kabla haijabeba kitu, kwa sababu Fundi alisema raki isiyofungwa humwangukia anayeiamini. Betri nzito za akiba nikaziweka chini kabisa. Pete na saa nikavitia mfukoni. Halafu ule waya wa kijani unaokwenda ardhini, ambao Fundi alikuwa akisema ni wa kwanza kufungwa na wa mwisho kufunguliwa, nao nikaukaza kabla ya waya mwingine wowote. Nakuandikia haya si kwa kujisifu. Utaona mbele.

Na nikatundika kofia.

Sijui kama Fundi aliwahi kukueleza. Ulikuwa ukimgombeza kwa nini kofia yake ya kahawia inachafuka kwa ndani badala ya nje, naye akicheka tu. Ni kwa sababu mchana kutwa haikuwa kichwani, ilikuwa juu ya chuma chenye vumbi na grisi. Kila alipozima umeme ili aingize mikono ndani ya mtambo, aliitundika kofia ile kwenye mkono wa swichi kuu, na kila mtu kazini alijua kwamba kofia ikiwa pale swichi haiguswi na mtu. Aliyeitundika ndiye pekee wa kuiondoa. Na bado, kabla ya kuwasha, hakukubali neno la mtu yeyote. Alikuja mpaka ulipo akakwambia, "Nionyeshe mikono." Akishaiona yote miwili, ndipo alirudi kuwasha. Nyumbani mezani pia alituambia hivyo hivyo, unakumbuka, na sisi watoto tukadhani anatafuta uchafu tu.

Boksi la umeme la hospitali liko kwenye korido, nyuma ya kona. Ukiwa chumbani hulioni. Nikazima swichi kuu, nikahakikisha kwa testa kuwa nyaya zimekufa, nikatundika kofia. Nikamwita msimamizi wa jengo, mzee mmoja mpole anayetembea na funguo kiunoni utadhani ndiye mlinzi wa mlango wa peponi, nikamwonyesha. Nikamwambia kofia ikiwa hapa usiguse, na ukiona imeondoka ujue kazi imekwisha. Maneno hayo ya mwisho nimeyarudia kichwani kuliko ninavyorudia sala zangu.

Lazima niseme na hili. Kabla hatujaanza kazi hiyo, Injinia alinishauri tununue makufuli ya kufungia swichi, kila mtu lake na ufunguo wake. Nikamcheka. Nikamwambia kofia imetosha miaka yote, itakuja kushindwa leo? Hakulirudia tena. Mimi nikadhani nimemshinda kwa hoja, na nikatembea kifua mbele siku nzima.

Hakujua ni kofia ipi, Shangazi, maana hii ndiyo kazi yetu ya kwanza pamoja, na nyumbani nimekuwa nikiificha. Wewe ulinipa baada ya matanga kumalizika, jikoni, mlango umeurudishia, ukaniambia niende nayo kazini. Yeye wakati huo alikuwa anapekua masanduku ya baba yake akiitafuta, na alipokuuliza ukamwambia imegawiwa pamoja na nguo. Nilisikia nikiwa palepale mlangoni, nikaogopa kukusahihisha. Miaka yote hii ameamini kofia ya baba yake inavaliwa na mtu asiyemjua.

Basi asubuhi ile alichelewa kidogo, akaja kwa korido ile, akaikuta. Imening'inia kwenye boksi la umeme, ina vumbi la rangi na alama za vidole vyangu. Alichofanya ndicho ambacho mtoto yeyote wa Fundi angefanya na mgeni yeyote asingefanya. Aliitungua, akasahau kabisa iko pale kwa nini. Akaipangusa, akasimama nayo pembeni, uso ameuelekeza ukutani, kabla ya kuja kuniuliza.

Msimamizi akapita bila kumwona. Korido ilikuwa giza, muuguzi wa maabara ameshamlalamikia taa mara mbili. Akatazama boksi: kofia haipo. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia maana yake. Akapandisha swichi.

Mimi nilikuwa nyuma ya raki, nimepiga goti, kifuniko cha njia ya umeme kiko wazi, bisibisi imo ndani kwenye skrubu ya mwisho. Sikusikia kitu kwanza. Niliona weupe, weupe mtupu kama shuka limetandazwa machoni, halafu ndipo mlio ukaja, na harufu ya nywele zangu mwenyewe. Nikajikuta nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, najihesabu vidole kwa kugusa kwa sababu macho hayakuwa yanaona.

Kilichoniokoa ni ule waya wa kijani. Umeme ulipokuja, ncha ya bisibisi ilikuwa imegusa chuma cha raki, na kwa sababu raki ilishaunganishwa na ardhi kwa waya ule, umeme ulipata njia yake ukashuka, na swichi ikajikata yenyewe papo hapo. Mpini wa plastiki ukanikinga mkono. Ningekuwa nimeacha waya ule kwa ajili ya baadaye, kama wengi wanavyofanya wakiharakishwa, mwili wangu ndio ungekuwa njia. Barua hii angekuandikia mtu mwingine.

Macho yalipoanza kurudi, kitu cha kwanza nilichokiona ni Injinia mlangoni, kofia mkononi. Alishaelewa. Mimi nilikuwa bado sijaelewa, na nilimwona akielewa, na sijawahi kuona uso wa namna ile kwa mtu aliye hai. Alikuja, akanishika mabega, akaita muuguzi, na nilipokuwa nafungwa kidole akawa ameondoka, begi lake ameliacha.

Masikini msimamizi alikaa juu ya ndoo ya rangi akirudia, "Kofia haikuwepo, mwanangu. Haikuwepo." Nikamwambia najua. Sina ugomvi naye. Yeye peke yake ndiye aliyefuata nililosema.

Tangu hapo mwanao alijifungia kwenye kile chumba cha nyuma. Mama alimpelekea chakula, sahani ikarudi kama ilivyokwenda. Alikunja nguo zake zote akazipanga kwenye sanduku, akasema anaacha kazi, anarudi kwako. Nakiri nilikasirika. Niliungua mimi, halafu yeye ndiye mgonjwa? Nikaenda kumgongea mlango nikiwa nimejaa maneno makali.

Alifungua.

"Ningekuua," akasema.

"Hukuniua."

"Kwa sababu ya waya, dada. Si kwa sababu yangu."

Nikamwambia na mimi ningejiua kwa kiburi, maana makufuli aliyataka yeye na mimi nikacheka. Hilo halikumwingia. Alikuwa amekaa kitandani na kofia magotini, anaizungusha kwa vidole, ndipo akauliza lile ambalo nadhani lilikuwa limemkaa kooni tangu pale koridoni.

"Kwa nini mama yangu alikupa wewe?"

Ningeweza kusema ni kwa sababu mimi ndiye niliyebeba mfuko wa spana za Fundi miaka ile yeye akiwa chuoni, na ndiyo maana mkaniita Mkia. Lakini nadhani si hilo tu, Shangazi, na naomba usinikasirikie. Nadhani uliogopa. Uliogopa kofia ile ikikaa kichwani kwa mwanao itamvuta mpaka kwenye nyaya, ukaona bora inivute mimi. Niliumia kidogo nilipolitambua hilo, sikufichi. Kisha nikajiambia mama ni mama. Mimi nimeshalimeza. Yeye bado analo kooni, na wa kumtolea si mimi.

Nilimwachia kofia. Haikuwa yangu ya kushikilia tena.

Asubuhi iliyofuata alitoka kabla ya chai, na Mama akasema basi, huyo ameshaenda stendi. Nikapiga moyo konde, nikakusanya vifaa niende peke yangu. Nikamkuta kwenye korido ya hospitali, amesimama mbele ya boksi la umeme na makufuli mawili mapya, jekundu na la bluu. Akanipa jekundu na ufunguo wake. Sikucheka. Tukafunga swichi, lake na langu, tukaingia ndani.

Tulifanya kazi siku hizo bila mizaha, na wewe unajua sisi tukikaa bila mizaha ni kama nyumba yenye msiba. Kila mashine ina nyaya mbili za umeme, kila mmoja na njia yake, ili moja ikikatika nyingine ishike. Maana yake pia ni kwamba ukichomoa mmoja ukadhani mashine imekufa, imekudanganya. Kila nilipogusa waya nilimwona ananitazama mkono, wala hatazami kazi yake.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya kuwasha. Daktari mkuu alikuwepo, muuguzi wa maabara alikuwepo, msimamizi alisimama mbali kabisa na boksi, mikono nyuma. Nikafungua kufuli langu. Injinia akafungua lake. Nikamwambia wa kupandisha swichi ni wewe. Akanitazama kama niliyemtukana, lakini hakukataa. Nikarudi chumbani kuangalia mashine zitakavyoamka, nikasimama mbali na raki.

Nikapaza sauti kwamba niko tayari, mikono iko nje.

Kimya.

Nikaita tena. Kimya. Kile kidole kikaanza kupwita ndani ya bandeji, na nikasema moyoni amekimbia, amewaacha watu wote wale koridoni akakimbia. Kisha nikasikia viatu vinakuja, polepole. Akatokea mlangoni. Uso umemkauka, jasho linamtiririka shingoni.

"Nionyeshe mikono," akasema.

Shangazi, mimi sikuwahi kumwambia kwamba baba yake alisema hivyo kazini. Yeye aliyajua maneno hayo ya mezani tu, ya sabuni na ugomvi wa nani anawe kwanza. Kayatoa wapi, sijui. Nikainua mikono yote miwili. Akaitazama kidole kwa kidole mpaka akafika kwenye bandeji, akakaa hapo muda mrefu. Akatikisa kichwa kukubali, akarudi koridoni.

Nikasikia swichi inapanda. Betri zikaunguruma chini, feni zikaanza, taa za kijani zikawaka mashine moja baada ya nyingine mpaka juu. Watu koridoni walipiga makofi. Mimi nilikuwa bado nimeinua mikono.

Sasa nakuomba moja tu. Barua hii ikikufika, mpigie. Safari hii atapokea, ameniahidi. Usianze na goti wala mshonaji. Mpe jibu la swali lake, hata kama jibu lenyewe ni kwamba uliogopa. Sanduku bado hajalifungua. Liko pale mlangoni na kofia juu yake, na linangoja neno lako.

Unisalimie babu wa nyumba ya pili, mshonaji na mkasi wake, na yule pacha mkorofi, mwambie zawadi yake ninayo. Mama anakusalimu sana, anasema usimalize sukari yote kwenye chai. Mungu akulinde, akupe goti jepesi na usingizi mzito, na atuweke sote mpaka tuonane.

Wako akupendaye,
Mkia