Jina la Aliyekuzaa

Mpendwa Bibi,

Kesho ni arobaini yako, na tangu ulipoondoka sijaweza kutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama naingia chumbani kwako, nikitoka sijui nilifuata nini. Mama anadhani ni huzuni tu. Ipo huzuni, lakini kuna jambo jengine ambalo nimekukosea, na nataka nikueleze wewe kwa maneno yangu mwenyewe.

Siku ya mazishi ukumbi wetu hapa mtaani Malindi ulijaa wanaume, na sisi wanawake tulikuwa ndani, nyuma ya pazia. Kabla jeneza halijatoka, sheikh aliuliza jina la mama yako, ili akikusomea talkini, kukukumbusha majibu ya kaburini, akuite kwa jina la aliyekuzaa. Mjomba Seif, mwanao, hakufikiri hata kidogo. "Zuwena binti Mwanajuma," alisema. Mimi nilikuwa karibu na pazia na birika mkononi. Nilijua kwamba si kweli. Katika nyumba nzima nilikuwa peke yangu ninayejua, na nilinyamaza. Watu walikuwa wengi mno, na sauti yangu unaijua ilivyo. Ukatolewa, ukaenda kuitwa kwa jina la mwengine.

Unakumbuka ulivyoniambia? Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne siku ile ile, umenikalisha kwenye kibao unanisuka. Nikakuuliza kwa mzaha nywele ngumu hizi nimezirithi kwa nani.

"Kwa mama yangu," ukasema.

Nikakwambia Bi Mwanajuma pichani nywele zake laini. Mkono wako ukasita kichwani mwangu.

"Mwanajuma kanilea. Aliyenizaa kafa mie nna siku tatu."

"Jina lake nani, Bibi?"

"Tulia, unanipotezea njia. Nshasema mengi leo."

Nikatulia. Nilidhani nitakuuliza siku utakayonifumua. Hukuwahi, aliyenifumua ni Mama, siku ya tatu ya msiba.

Wiki ya pili nilifungua sanduku lako nikakiona cheti chako cha kuzaliwa. Mama: Mwanajuma Haji. Nikaenda kwenye jumba la nyaraka, nikapita mlangoni mara mbili kabla sijaingia. Dada aliyekaa mezani akaniuliza ninasoma chuo gani na ninafanya utafiti wa nini.

"Namtafuta mama yake bibi yangu," nikasema, kwa sauti ndogo mpaka akanitaka nirudie, na mzee mmoja aliyekuwa akisoma magazeti ya zamani akageuka kunitazama. Nilitamani nitoke mbio. Lakini aliniletea daftari nene la vizazi, akanionya nisifunue kurasa kwa kidole chenye mate, akaniacha.

Nilikwenda siku tatu. Nilipitia majina ya watoto wa mahamali, wa mafundi cherehani, wa wapishi, wengi wao bila shaka wameshakufa. Siku ya tatu nikakukuta. Nilikuwekea kidole, nikasogea kulia hadi safu ya mama. Mwanajuma. Nikafunga daftari kwa kishindo, nikaona haya.

Yule dada akaja. "Hukupata?"

"Nimepata. Lakini siye."

Nikamweleza yote, mimi nisiyeweza kumweleza hata mwalimu wangu. Akasema, "Karani kaandika alichoambiwa, mdogo wangu. Mwanamke kaja na mtoto mikononi, nani atamuuliza zaidi? Kwani asili yenu wapi?"

"Paje."

"Sasa mbona umeanzia kwangu? Nenda kwa watu wako. Shamba huko ukoo una daftari la khitma, lenye majina ya marehemu wao wanaosomewa kila Shaabani. Waliokuwa hawana cheti wamo mle."

Nikaenda Paje kwa Bi Tatu, mtoto wa binamu yako. Nilimkuta anaanika mwani na wenzake wawili.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Wa nani wewe?"

"Mjukuu wa Bi Zuwena wa mjini."

"Ati! Mbona mwembamba hivi? Mjini hamuli?" Kisha akaiona kalamu yangu. "Ala, kumbe huyu wa sensa! Jamani, ficheni waume zenu asije akawahesabu mara mbili."

Wakacheka, na mimi nikajikuta nacheka. Akanawa mikono, akatungua mfuko wa nailoni msumarini, akatoa daftari la shule lililochakaa. Alisoma polepole, na kila jina akaliombea rehema. Sikuthubutu kumharakisha. Akasoma Mwanajuma binti Haji. Akasoma Mwanaidi binti Haji.

"Mwanaidi ni nani?"

"Mdogo wake Mwanajuma. Kafa na uzazi." Akanitazama. "Hujui? Bibi yako kila Shaabani akija hapa na mchele wake, akakaa kwenye mkeka ule, akalisubiri jina hili. Likishasomwa anafunga ushungi, anakwenda zake. Hata chai hanywi."

Bibi, wewe ulikuwa ukituaga kwamba unakwenda kuangalia minazi yako. Tulikutania kuwa minazi yenyewe mitatu tu, na ukacheka pamoja nasi.

"Kwa nini hakutwambia?" nikauliza.

"Hakutaka Mwanajuma aone kama mtoto ana mama mwengine. Mwanajuma akafa, na yeye keshazoea kunyamaza."

Leo mchana nilimwambia Mjomba. Nilisema mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi nimemwita mama yangu kwa jina silo?"

"Hukujua, Mjomba. Mimi nilijua kuwa siye."

"Ukaniacha niseme?"

Akatoka bila viatu, akakaa msikitini mpaka baada ya alasiri. Aliporudi aliniambia kamuuliza sheikh, na sheikh kasema Mwenyezi Mungu hapotezi mja wake kwa kosa la jina. Kisha akaniwekea karatasi mezani. "Andika majina ya kusomewa kesho. Wewe ndiye unayeyajua."

Kama ulitaka jambo hili libaki kwangu peke yangu, unisamehe, Bibi. Sikuweza kunyamaza mara ya pili. Nimekuandika wewe. Chini yako nimemwandika Mwanajuma, kisha Mwanaidi, kwa sababu Mwanajuma ndiye mkubwa, na nadhani Mwanaidi mwenyewe angempisha dada yake.

Mjomba alisoma akiwa amesimama nyuma yangu. Akakohoa kidogo.

"Na hawa, mama yao nani?"

Sijui, Bibi. Khitma ikishapita, Jumamosi narudi Paje.

Mungu akukutanishe na mama zako wote wawili.

Mimi,
mjukuu wako