Pleti za Klachi Ulizoziacha kwenye Waya

Baba, shikamoo.

Hutaitika, najua. Lakini ndivyo ulivyonilea, siwezi kuanza na neno jingine. Ni mimi Kabula.

Siku ile kifua kilipokubana ulikuwa umefungua klachi ya pikipiki ya nesi wa chanjo. Pleti zote ulikuwa umezitoa na kuzitunga kwenye waya kwa mpangilio, kama kawaida yako, ili ya mwisho kutoka iwe ya kwanza kurudi. Ukautundika waya ukutani, ukaniambia, "Usiguse, narudi." Ukaenda hospitali na oili kwenye kucha. Tulipokurudisha Ijumaa ndani ya sanduku, kucha zilikuwa bado nyeusi.

Sikugusa. Siku zote za msiba, watu wakila ugali na mapanki, yale mabaki ya sangara, pale uani, mimi nilikuwa nachungulia waya wako tu. Kwangu ulikuwa hujamaliza kazi, na fundi ambaye hajamaliza kazi amekwenda kunywa chai, basi.

Siku ya kuanua matanga, Shangazi na wenzake wakafagia uwanja na kuosha kila kilichokuwa chako, ndiyo desturi. Wakaosha na pleti. Kwa sabuni, Baba! Zikang'aa. Wakazipanga mezani kama vyombo vya harusi, za chuma peke yake na za faiba peke yake. Waya wakafungia kuni.

Nilimfokea Shangazi. Mimi, kumfokea dada yako mbele ya watu! Akalia, akasema hakutaka ndugu yake aache uchafu nyuma yake. Nimemwomba radhi, lakini bado naona haya.

Hapo Baba Mdogo akapata neno. Pikipiki ipelekwe kwa fundi wa kule Pasiansi, na spana zako ziende huko huko, kwa sababu binti anaziba pancha na kubadili plagi, klachi hajawahi kufunga. Alisema kweli. Tangu kiwanda kilipokupunguza kazi ukafungua gereji hii ya Mabatini, nimekupa spana miaka sita, ila klachi ulifunga mwenyewe. Hata kigoda chako ulininyima. "Asiyefunga klachi akae chini," na mimi nikakaa chini. Nikamwomba Baba Mdogo anipe mpaka Jumamosi.

Mara ya kwanza nilifunga huku nalia kwa hasira. Nikawasha, nikabana klachi, nikatia gia. Pikipiki ikaruka na mimi mpaka kwenye ndoo za jirani. Watu wakacheka, Baba, na wewe ungecheka kuliko wote.

Nikafungua tena. Pleti mpya zimejaa madukani siku hizi, lakini hukuziamini, nami sikutaka kuanza kwa kukuasi. Nikakaa nikakusikiliza. Ukifika kwenye ile faiba moja yenye tundu pana kuliko wenzake, ulikuwa unasema, "Huyu ni mama mkwe, msimbane," ukaipeleka chini kabisa, mahali ambapo haigusani na mtu. Mimi nilidhani unachekesha tu, unawasengenya wakwe. Kumbe nilikuwa nafundishwa! Nami nilikuwa nimemweka mama mkwe juu, katikati ya watu. Tena akiwa mkavu, maana sabuni ilikuwa imemaliza oili yote.

Nikaziloweka faiba kwenye oili tangu asubuhi mpaka mchana. Kisha nikaanza. Mama mkwe chini. Chuma. Faiba. Chuma. Faiba. Nilikuwa nazitaja kwa sauti, kama wewe. Ilipobaki moja mkononi, mkono ukakataa. Niliogopa, Baba. Nikiiweka hii, kazi yako imekwisha. Nikiiweka hii, hukwenda kunywa chai.

Nikaiweka.

Jumamosi nesi alikuja na boksi lake la chanjo, vijiji vinamsubiri. Akabana klachi, akatia gia, pikipiki ikatulia. Akaachia polepole, ikaondoka kama maji. Baba Mdogo alikuwa amekuja na gunia la kubebea spana zako. Alilikunja akaliweka kwapani, halafu akanisogezea kigoda chako kwa mguu. Nimekikalia. Nilipokikalia ndipo nilipolia msiba wako, maana kabla ya hapo nilikuwa nakusubiri.

Waya wako nimeutoa kwenye kuni, nimeunyoosha, nimeutundika pale pale. Kila klachi nitakayofungua nitaitunga humo, na Shangazi ameapa hatausogelea tena na sabuni. Naahidi na hili: sitamwambia mtu "narudi" kwa wepesi.

Nisamehe, nimegusa. Nenda salama, Baba. Huku hakuna kazi yako iliyobaki wazi.

Mwanao,
Kabula, fundi